Nilivyohangaika kumuunganisha Mwalimu wetu wa kwaya na kanisa, live, naye akiwa kitandani

Bwana asifiwe, wakuu.

Kwanza namshukuru Mungu aliyeniamsha leo nikiwa na macho ya kusoma na vidole vya kuandika, hata kama vidole vyenyewe vinagonga herufi mbili kwa pamoja. Sifa zote ni zake. Bila neema yake simu yangu ingekuwa imeshatupwa mferejini, na mifereji yetu huku Old Moshi inashuka kwa kasi.

Ninayoyasimulia yametokea kweli. Mimi ni mzee wa kanisa, nina wajukuu, sina faida yoyote ya kuwadanganya watu nisiowaona. Majina tu ndiyo nimeyabadilisha, maana wenyewe wako hai na wengine wanasoma humu.

Uzi ni mrefu kidogo. Mwenye haraka apite kwa amani.

Usharika wetu una kwaya, na kwaya yetu ina Mwalimu. Nitamwita Mwalimu Elinami. Huyu mzee amefundisha kuimba karibu kila mtu unayemwona kwenye mabenchi ya kanisa letu, mimi nikiwemo. Alinifundisha besi, baadaye akaniambia kwa upole kwamba Mungu amenipa vipawa vingine.

Ana desturi moja. Kwaya ikimaliza wimbo, haiketi. Inabaki imesimama, macho kwake, mpaka aseme neno moja: "Kaeni." Kama wimbo umeharibika, halitoki. Mtasimama hapo mpaka muone aibu.

Mwaka jana aliteleza akitoka kukata majani ya ng'ombe, akavunjika nyonga. Barabara yetu ni ya mteremko na matope, na kliniki iko mjini, kwa hiyo binti yake Aikande akamchukua kwenda kumuuguza kwake Shirimatunda. Tangu hapo Mwalimu ni wa kulala. Hawezi hata kuketi kwenye gari.

Tulikwenda kumwona. Tukampelekea maziwa, ndizi na rekodi ya kwaya kwenye simu. Akasikiliza wimbo mmoja, akairudisha simu.

"Hii ni chai ya jana," alisema. "Hapo kwenye ubeti wa pili besi wamekosea. Sasa mimi nikiiambia hii simu irudie, itarudia kosa lile lile."

Hapo ndipo balaa langu lilipoanza, wakuu. Alikuwa hataki kusikiliza tu. Alitaka kusikia kwaya inapoimba, na yeye aseme, wao wasikie, wajibu. Live, pande zote mbili.

Aikande alinisindikiza mpaka nje. Akaniambia, "Baba mdogo, sauti ya baba inapungua kila wiki. Asubuhi inakuwepo, mchana inakatika. Kama mnataka aongee nao, msichelewe."

Nikamjibu kwamba Jumapili ijayo tu jambo litakuwa limekwisha. Mungu anisamehe kwa kiburi kile.

Niliuliza vijana wa usharika, wakaniambia kuna app ya bure, unafungua chumba cha mazungumzo, unatuma link, watu wanaingia na kuongea. Nikasema kama ni hivyo, wagonjwa wetu wote walio majumbani waingie, na watoto wetu walioko Dar na Arusha pia. Nikatangaza kanisani. Nilijiona mtu wa maendeleo.

Jumapili ikafika. Baada ya ibada kwaya ikabaki mbele, imejipanga. Mwalimu alikuwa wa kwanza kuingia chumbani. Sauti yake ikatoka kwenye spika, watu wakapiga makofi.

Kisha wengine wakaanza kuingia.

Wakuu, mnajua sisi tulivyo. Mtu hawezi kuingia mahali penye wazee akanyamaza. Akaingia wa kwanza: shikamooni wazee. Marahaba, wewe ni wa nani? Wa Anaeli. Anaeli yupi, wa juu ya mfereji au wa chini? Wa chini. Aa, mama hajambo? Ng'ombe amezaa? Huko mvua imenyesha?

Akaingia wa pili. Shikamooni wazee.

Wengine wakasalimu kwa Kichagga, na ile salamu ya Kichagga haina mwisho wa karibu, lazima uulizie nyumba nzima. Na Mwalimu, aliyekuwa ameingojea kwaya miezi mizima, akawajibu wote mmoja mmoja, kwa sababu wote aliwafundisha. Akishamtambua mtu anamkumbusha alikuwa sauti gani. "Wewe ulikuwa alto, ukawa unapenda kuongea."

Mchungaji akasema tuombe kwanza. Tukafumba macho. Katikati ya sala ikaingia sauti kutoka Tabata: shikamooni wazee, mnanisikia? Na mchungaji, Mungu ambariki, akafumbua macho akajibu marahaba.

Nikajaribu kuwaambia kwamba kwenye app kuna alama ya mkono, anayetaka kusema aubonyeze kwanza. Mzee Anaeli, yule wa juu ya mfereji, kiongozi wetu wa besi, akanitazama vibaya. "Mimi na mvi zangu ninyooshe mkono kama mtoto anayeomba kwenda chooni?"

Hakuna aliyebonyeza mkono. Hakuna aliyezima maiki. Tulisikia kuku wa mtu. Tulisikia mama mmoja akipatana bei ya mchele, bei ikamshinda, akaacha. Na Mwalimu katikati ya yote anauliza, "Kwaya iko wapi?"

Bando likaisha kabla kwaya haijafungua mdomo.

Nilikwenda nyumbani nikanywa maji, nikasoma zaburi moja, nikajilaza na suti yangu. Mke wangu aliniuliza kama nimefiwa.

Wiki iliyofuata nikaweka sheria. Anaingia Mwalimu peke yake, wengine watasalimiana siku nyingine. Walinuna, lakini wakakubali. Nikanunua bando kubwa. Umeme ukakatika asubuhi ile, tukaunga betri ya gari. Kila kitu kikakaa sawa. Kwaya ikaimba ubeti wa kwanza vizuri kabisa, mimi nikasema moyoni asante Bwana.

Sauti ya Mwalimu ikatoka kwenye spika. "Besi, mmelala?"

Besi wakatazamana. Wakaongeza nguvu.

"Nasikia soprano tu. Besi mko wapi? Anaeli, umekuja kanisani au umemtuma mtu?"

Wakaimba mpaka mishipa ya shingo ikatokeza. Mwalimu akasema kama hawataki kuimba waketi, wasisumbue wenzao. Mzee Anaeli akafunga kitabu chake, akashuka ngazi, akaenda zake. Besi wenzake wakamfuata. Kwaya ikabaki nusu, kama meza ya miguu miwili.

Nilikuja kujua baadaye kisa chake. Ile app imetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja anayeongea. Ikisikia muungurumo wa chini unaoendelea, inaamini ni kelele, labda ni feni au mashine ya kusaga, inaufuta. Ilikuwa inawafuta besi wetu wote, wanaume wazima waliooga na kuvaa tai, inawahesabu kuwa mashine ya kusaga. Kuna setting ya kuzima huo ujanja, imefichwa ndani kabisa mahali ambapo mtu mwenye akili timamu hawezi kuitafuta.

Nikapanda kwa Mzee Anaeli kumweleza. Nilimkuta anapalilia kahawa. Alinisikiliza bila kusimama.

"Kwa hiyo mashine ndiyo iliyotutoa?"

"Ndiyo, mzee mwenzangu."

"Na Mwalimu hakutusikia kabisa?"

"Hakuwasikia kabisa."

Akapalilia mpaka mwisho wa mstari, akarudi. "Basi mashine hiyo isirudi kanisani. Ikirudi yenyewe, mimi sirudi."

Ndiyo hivyo, app ikafa. Tukaanza moja.

Hapo nikashuka mjini kwa Bi Zuhura. Huyu mama anakodisha vyombo vya muziki kwenye harusi, ni mtu wa Moshi mjini, mwislamu wa swala tano, na mdomo wake haupumziki. Nilimweleza kila kitu. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Baba yangu, shikamoo tena," alisema. "Ninyi mlikuwa mnafanya kikao cha ukoo. Mnachotaka ni redio."

Akanieleza mpango wake. Sauti ya kanisa inatoka kwenye miksa, kile kifaa cha kuchanganyia sauti, inaingia kwenye kompyuta, inapanda mtandaoni kama kituo cha redio, Mwalimu anaisikiliza kwa simu janja. Sauti safi, besi wote ndani. Mwalimu akitaka kusema, anapiga simu ya kawaida kwenye simu yetu iliyounganishwa kwa waya kwenye miksa, sauti yake inatoka kwenye spika za kanisa. Akasema ni kazi ya kuiva kabla ya chai.

Chai hiyo tuliinywa mara nyingi sana, wakuu.

Jaribio la kwanza lilikuwa Jumamosi alasiri, siku ya mazoezi. Mwalimu akawasha redio kwa sauti kubwa pembeni ya kitanda, akapiga simu, akasema "Haleluya." Ile haleluya ikatoka kwenye spika za kanisa, ikaingia kwenye maiki, ikaenda redioni, ikatokea pembeni ya kitanda chake, ikaingia kwenye simu yake, ikarudi kanisani. Ikazunguka inakua. Mwisho ikawa mlio kama wa ng'ombe aliyekanyagwa na trekta. Popo walioishi darini kwa amani miaka yote wakatoka mchana kweupe.

Dawa yake ilikuwa earphone. Mwalimu asikilizie masikioni, isitoke nje. Jambo dogo tu hilo, na lilitugharimu alasiri yote mpaka giza, kwa sababu Bi Zuhura aliapa kwamba kosa liko kwenye waya, akabadilisha waya zote.

Jaribio la pili, ile simu ya kwenye miksa ilikuwa yangu. Nilisahau kwamba namba yangu watu wanayo. Mchungaji akiwa anatoa tangazo, simu ikaita, Bi Zuhura akapokea akidhani ni Mwalimu. Kanisa zima likasikia mtu wa Kirua akisema, "Mzee, lile dume lako lipo? Ng'ombe wangu analihitaji leo, nisije nikamkosa."

Akina mama walijifunika nyuso kwa khanga. Mchungaji akaniuliza palepale madhabahuni kama dume lipo. Nikasema lipo.

Tukanunua laini mpya ambayo hakuna anayeijua ila Aikande.

Jaribio la tatu ndilo lililonimaliza. Vyombo vyote vilikuwa vinafanya kazi. Besi walikuwepo, Mzee Anaeli akiwa mbele yao na kidevu juu. Mwalimu alisikia kila sauti, akasema kwa furaha kwamba sasa ndiyo kwaya. Wakaanza kuimba. Wamefika ubeti wa pili, spika ikasema, "Simameni. Besi, hapo hapo, rudieni."

Kwaya ikasimama papo hapo, kama alivyoifundisha.

"Nimesema simameni," ikasema spika.

Kwaya imesimama kimya. Tunatazamana.

"Mbona hamsikii? Mnaimba tu? Simameni!"

Sasa niwaeleze jambo hili polepole, maana mimi mwenyewe nilieleweshwa mara kadhaa. Ukisimama uani mwa kanisa letu siku isiyo na mawingu, unaiona Shirimatunda kule chini. Lakini sauti yetu haishuki moja kwa moja. Inatoka Old Moshi inakwenda Ulaya, kwenye kompyuta ya watu fulani, inapumzika huko, ndipo inarudi Shirimatunda. Safari hiyo inachukua muda wa kama ubeti mmoja wa wimbo. Bi Zuhura anaita delay. Simu ya kawaida haina delay hiyo, inafika papo kwa papo.

Kwa hiyo Mwalimu alikuwa anasikia kwaya ya ubeti uliopita. Akisema simameni, sisi tunasimama, lakini masikioni mwake kwaya bado inaimba, tena kwa nguvu, kama watu wakaidi. Anakasirika. Baadaye ule ukimya wetu unamfikia, anasema haya rudieni. Tunaanza. Yeye bado anasikia kimya. Anasema rudieni basi. Kwaya, kwa utii, inasimama na kuanza upya. Anasikia mwanzo wa kwanza umekatika katikati, anauliza nani amewaambia msimame.

Watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wanachungulia dirishani wanacheka. Niliona soprano mmoja analia, sijui ni kwa huzuni au kwa uchovu.

"Wananidharau," Mwalimu alisema mwisho. Sauti ilikuwa imeanza kumkatika. "Nimelala, ndiyo maana." Simu ikakatwa.

Nilimwuliza Bi Zuhura kama delay inaweza kuondolewa. Akasema inaweza kupunguzwa, ila anahitaji kifaa fulani kutoka Arusha, na mtu wake wa Arusha hapokei simu. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia mapema kwamba sauti inakwenda Ulaya. Akasema, "Baba yangu, mimi huwa nafanya harusi. Kwenye harusi hakuna anayemkatiza bwana harusi kutoka Shirimatunda."

Nilikasirika, nakiri. Nikatoka nje nikasimama karibu na kengele mpaka nikapoa. Niliona mlima umefunguka, theluji yake kidogo iliyobaki inang'aa, nikasema Bwana wewe uliumba hiki chote kwa kusema tu, na sauti yako haikupitia popote.

Jumatatu nikashuka Shirimatunda. Aikande akanikaribisha ndani. Aliniambia baba yake hakula tangu jana, na kwamba asubuhi ile sauti haikurudi kabisa mpaka jua lilipopanda. Akaniomba kama hili jambo haliwezekani, nimwambie mzee kwa mdomo wangu, nisimwache akisubiri.

Nikaketi kando ya kitanda. Nikamweleza habari ya Ulaya. Hakuamini. Mtu wa umri wake, aliyezoea kunyoosha kidole na watu wakanyamaza, utamwambiaje kwamba kidole chake kinafika leo lakini wao anawaona wa jana?

Nikamwomba jambo moja. Jumapili kwaya itaimba wimbo mzima, yeye asiseme neno. Mimi nitaifunga sauti yake kwenye miksa mpaka wimbo uishe. Ukiisha naifungua, ndipo awaambie yote aliyo nayo.

"Yaani unanifunga mdomo," alisema.

"Kwa wimbo mmoja, Mwalimu."

Akageuza uso ukutani. Kisha akasema waimbe ule wa mavuno, na niwaambie besi wasikimbie kwenye mstari wa mwisho. Miaka yote wanakimbia pale.

Wimbo huo ni wake, aliutunga mwenyewe kwa ajili ya sikukuu ya mavuno, siku watu wanapoleta mikungu ya ndizi na madebe ya kahawa madhabahuni. Mstari wake wa mwisho, ambamo kihamba ni lile shamba letu la urithi la ndizi na kahawa, unasema, "Kihamba ni chako, Bwana, nasi ni wako." Kwenye lile "chako" besi wanatakiwa kushuka polepole na kukaa chini muda mrefu, wengine wakiwa wamenyamaza. Hawajawahi kukaa vya kutosha. Wanaishiwa pumzi wanamalizia haraka.

Jumapili ikafika. Umeme ulikuwepo, na hilo pekee lilinitia wasiwasi. Aikande akapiga simu, akasema baba ameamka na sauti kidogo, amevaa earphone, amevaa na tai. Tai, kitandani. Nikaivuta chini swichi ya sauti yake kwenye miksa. Bi Zuhura alikuwa pembeni yangu na mtandio wake, kwenye benchi la wazee wa kanisa, na hakuna aliyemuuliza.

Kwaya ikaimba.

Siwezi kuwaambia waliimba vizuri kuliko siku zote, maana mimi nilikuwa naangalia taa za miksa. Besi walijitahidi. Kwenye mstari wa mwisho walishuka, wakakaa, wakakimbia kidogo. Wimbo ukaisha.

Tangu Mwalimu augue, kwaya yetu imekuwa ikijiketisha yenyewe. Basi wakaanza kukaa. Mchungaji akanipa ishara. Nikaipandisha ile swichi, nikasubiri kikohozi na neno "Besi."

Hakikuja kikohozi. Spika ikaimba.

Alikuwa kwenye ubeti wa mwisho. Kule Shirimatunda kwaya ilikuwa bado haijamaliza, ilikuwa masikioni mwake na yeye yumo ndani yake, anaimba besi pamoja nao. Sisi tulikuwa tumeshanyamaza. Tulimsikia yeye peke yake.

Ile sauti ilikuwa nyembamba kama uzi, na kwenye maneno mengine haikutoka kabisa, inabaki pumzi tu, kisha inarudi mahali pake sawasawa.

Wa soprano walikuwa wameshakunja magoti kuketi. Mzee Anaeli, ambaye hakutaka kunyoosha mkono kama mtoto, aliunyoosha juu kabisa. Kwaya yote ikasimama tena. Kisha nikasikia mabenchi nyuma yangu, usharika wote unainuka.

Hakuna aliyemsaidia kuimba. Bi Zuhura alikuwa ameshaweka kidole mdomoni kuwaonya, maana tungemvuruga, lakini nadhani hakukuwa na haja.

Akafika "Kihamba ni chako." Akashuka. Akakaa pale chini. Mimi nilikuwa nahesabu moyoni nikaacha, nikaogopa kwamba pumzi imekwisha na mengine yote yamekwisha. Lakini alikuwa amekaa tu, kama alivyotaka wao wakae miaka yote. Kisha akamalizia, polepole, "Bwana, nasi ni wako."



Spika ikakohoa. "Besi," alisema. "Mmekimbia tena. Hapo mwisho mmeniacha peke yangu."

Mzee Anaeli akaenda kwenye maiki. Akasema, "Ni kweli, Mwalimu. Lakini tumekusubiri. Bado tumesimama."

Tukangoja. Neno lake likaenda Ulaya, likazunguka huko, likarudi. Sijawahi kuichukia ile delay kama nilivyoichukia muda ule, wala sijawahi kuivumilia vizuri hivyo.

Halafu ikaja sauti ya Mwalimu, karibu haisikiki.

"Haya. Kaeni."

Wakakaa.

Wakuu, hayo yametokea na Mwalimu bado yuko nasi, kwa rehema za Mungu. Wiki nyingine sauti haipo kabisa, Aikande anatuambia tu amepiga kidole kwenye godoro, maana yake tukae. Wiki nyingine ipo na anatutukana kistaarabu. Mimi bado nahangaika kila Jumapili na bando, waya, umeme na kompyuta inayotaka kujiboresha yenyewe katikati ya mahubiri. Msidhani nimepata raha. Jumapili iliyopita popo walitoka tena.

Lakini sasa utaratibu wetu ndio huo. Kwaya ikimaliza inabaki imesimama, mimi napandisha swichi, tunamsubiri amalize. Mchungaji hasemi Amina mpaka hapo. Mgeni akija anadhani tumesahau kinachofuata.

Mtu wa Arusha alipokea simu hatimaye, kifaa kikapatikana, Bi Zuhura akaja mbio kuniambia sasa delay itapungua mpaka kufutika. Nikamwambia akiweke kwenye harusi zake.

Nilichojifunza, kwa mwenye mgonjwa au mzee anayetaka kumuunganisha na watu wake: kama mnaimba, zima ile setting inayofuta kelele, la sivyo itafuta wanaume. Anayesikiliza avae earphone. Tumia laini isiyojulikana na wenye ng'ombe. Salamu zipewe muda wake kabla ya ibada, usijaribu kuzizuia, hutaweza, nasi tumeshindwa. Na kila kitu kikiharibika, na kitaharibika, usiwe mwepesi wa kukata simu. Subiri kidogo baada ya kudhani mambo yamekwisha. Inawezekana upande wa pili mtu bado yuko ubeti wa mwisho.

Wenye ujuzi wa mitambo karibuni mnikosoe. Wenye wazee walio vitandani nao karibuni, semeni mnafanyaje. Mtakaouliza kuhusu dume, lipo.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akupe masikio ya kusikia watu wako wangali wapo, akulindie pumzi yako mpaka mstari wa mwisho, na siku utakapokawia, akupe watu wa kukusubiri wamesimama. Amina.